Chumba cha Baba

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yalimpata mdogo wangu Denzil, wa tumbo moja nami, na nyumba yake naiona kutoka hapa nilipoketi. Usipotaka kuamini si neno. Sherifu wetu, mkuu wa polisi wa hapa, naye hakuamini.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Nilikuwa nimeinjika maharage, mkate wa mahindi umo jikoni, na Denzil akaingia bila kufuta viatu, kama kawaida yake. Alikuwa amekumbatia boksi. Mbweha walikuwa wanammalizia kuku, kwa hiyo akashuka mjini kununua bastola mpya, ile ya gurudumu lenye vyumba sita vya risasi. Ilikuwa inang'aa kama kijiko cha wageni.

"Umeweka tano?" nilimuuliza.

"Dada, hii si takataka ya Baba. Hii ina kizuizi ndani. Hata ukiitupa ukutani hailii."

"Sijakuuliza inalia au hailii."

Watu wa milima hii ya Kentaki wanalijua jambo hilo. Bastola za zamani ukizijaza risasi sita, nyundo, kile chuma kinachogonga risasi, inalala juu ya risasi moja, na bastola ikianguka inajipiga yenyewe. Kwa hiyo wazee waliweka tano na kukiacha wazi chumba kilicho chini ya nyundo. Baba alituimbia hilo tangu tunanyonya. Kisha mwaka ule mbwa mwenye kichaa alipita bondeni, Baba akajaza vyote sita, akasahau kutoa moja. Bastola ilidondoka kutoka kwenye rafu ya jikoni wakati Mama anafunga mlango wa jiko. Baba alikuwa mezani na kahawa yake.

Tangu siku hiyo, kwetu chumba kile hakijazwi. Tunakiita chumba cha Baba. Mama alikiita hivyo mpaka anakufa, na tukabaki watoto wawili wa kukiita hivyo, mimi na Denzil. Sasa Denzil akawa anacheka.

Alijaza sita, akaenda nyuma ya banda kupiga makopo. Tano zililia. Ya sita ikatoa mlio mdogo mkavu, tak, basi. Akarudia. Tak. Akazungusha, akabadilisha risasi, akaniita nishuhudie. Ni chumba kilekile kimoja kilichokuwa kinagoma, na kila risasi iliyotoka humo kitako chake kilikuwa laini, hakina hata alama ya kuguswa na nyundo. Niliinusa moja. Ilinuka tumbaku ya kiko, ile yenye harufu ya matufaha aliyokuwa akivuta Baba.

"Mafuta ya kiwandani," alisema Denzil.

"Denzil, mwachie chumba chake."

"Nimenunua bastola ya risasi sita, nitapiga sita. Ina waranti. Wataitengeneza au watanipa nyingine."

Mdogo wangu alikuwa mbishi tangu tumboni. Kiwanda kiko mbali huko kaskazini. Aliwapigia simu, wakamtumia boksi na karatasi ya anwani ya kubandika, na mwanamke anayeendesha gari la vifurushi akaja kuichukua. Nilishukuru moyoni. Nilidhani labda itapotea njiani.

Haikupotea. Ilirudi majani yalipoanza kudondoka. Bastola haiachwi mlangoni kama viatu vya kuagiza, lazima mtu mzima atie sahihi, basi nilimuwahi yule dereva kabla hajafika kwa Denzil.

"Binti, irudishe tu," nilimwambia. "Sema hayupo."

"Si ndiye yule anayenipungia mkono?"

Alikuwa ndiye. Alitia sahihi huku anapiga mluzi.

Kiwandani walikuwa wamemfungia gurudumu jipya kabisa. Lile la zamani aliwaomba wamrudishie, maana Denzil hakuwa mtu wa kuacha kilicho chake kwa watu, wakamwambia litakuja baadaye kwa posta. Akaenda nyuma ya banda. Mimi nilibaki kibarazani nikihesabu kwa masikio. Zililia zote sita. Alirudi anacheka mpaka meno ya nyuma.

"Umeona? Baba amehama."

Sikucheka. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu. Amehamia wapi?

Siku chache baadaye nilikuwa naanika mashuka. Kulikuwa na jua zuri. Kutoka jikoni kwa Denzil nikasikia mlio mmoja. Niliangusha shuka kwenye matope. Nilikimbia. Sijui nilivukaje uzio.

Alikuwa mezani. Kahawa ilikuwa bado inatoa moshi. Nilimwita. Nilimwita tena. Sikuwa na haja ya kumgusa, lakini nilimgusa, maana alikuwa mdogo wangu na mimi ndiye niliyembeba mgongoni Mama akiwa shambani. Alikuwa na joto bado.

Bastola ilikuwa juu ya friji, ndani ya mfuko wake. Mfuko umefungwa kifungo. Madirisha yamefungwa. Nyavu nzima.

Sherifu aliifungua mbele yangu. Risasi sita. Zote nzima. Mtutu safi, haujapigwa tangu Denzil alipousafisha. Alinusa, akakunja uso.

"Denzil alianza lini kuvuta kiko?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuvuta."

"Na risasi iliyompiga imetoka wapi?"

Akatazama mashuka yangu ng'ambo ya uzio, na nyayo zangu za matope mpaka mezani, na nikajua anachofikiri. Hakunikamata, hakuwa na kitu cha kunikamatia. Lakini kanisani benchi langu nakaa peke yangu sasa, na mkate wangu wa mahindi unarudi nyumbani vilevile nilivyoupeleka. Nimelia mpaka macho yamekataa. Namlilia yeye, na najililia mwenyewe.

Wiki baada ya mazishi lile gurudumu la zamani likafika. Chuma kitupu hakihitaji sahihi, nilikikuta kwenye sanduku la posta kama katalogi ya mbegu. Muhuri wa posta ulikuwa wa siku moja kabla Denzil hajafa. Mfuko wa plastiki ulikuwa umezibwa kwa moto wa kiwandani. Niliukata kwa kisu cha jikoni.

Vyumba vitano vilikuwa vitupu.

Kimoja kilikuwa na ganda la risasi. Limepigwa. Jeusi mdomoni. Lilikuwa na joto, na jikoni kwangu kote kukanuka matufaha.

Ningempelekea nani? Sherifu? Angeniuliza ganda hilo limefikaje mikononi mwangu. Nililisukuma kwa msumari likatoka, nikaenda nalo mpaka kijitoni, nikalitupa penye kina. Gurudumu nililiweka kwenye droo ya vijiko. Nilitaka kulitupa pia. Mkono haukukubali.

Leo asubuhi nilitengeneza kahawa. Nikafungua droo kutafuta kijiko.

Mle chumbani mwa Baba kulikuwa na risasi. Mpya. Nzima. Kitako chake laini, hakijaguswa.

Sikuiweka mimi. Niliitoa, nikaiweka kwenye kisahani, nikatoka kuketi kibarazani. Sasa nimerudi kutazama, na kisahani ni kitupu.

Sisi tulikuwa watoto wawili tu, na Denzil ameshatangulia.