Akaunti Iliyofungwa

Fundi cherehani alikanyaga pedali. Mashine ikatoa moshi, ikazima.

"Imekufa tena!" alisema. Sare za shule zilikuwa zimejaa mezani, na shule zingefunguliwa baada ya mwezi mmoja.

Alikuwa akisubiri marejesho ya kodi anunue mota mpya. Alikuwa amelipa kodi kupita kiasi, na ofisi ya kodi ilikubali kumrudishia. Lakini fedha hazikuonekana.

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa akibofya simu ya mkewe kwa hasira.

"Wamekataa! Nimeweka akaunti yangu ya benki, wanasema majina hayafanani. Hawa watu vipi?"

"Kwa nini uweke yako?"

"Yako si uliifunga?"

"Nikafungua nyingine!"

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Dada yake dereva akaingia. Yeye ni karani wa ofisi ya kodi.

"Jamani, mnasikika hadi barabarani! Kuna nini?"

Wakaeleza wote kwa pamoja. Akawanyamazisha kwa mkono.

"Wifi, ofisini tuna ile akaunti yako ya zamani. Fedha zikienda kwenye akaunti iliyofungwa, kwa kawaida benki huzirudisha kwetu. Weka akaunti mpya, yenye jina lako mwenyewe."

"Mke na mume si kitu kimoja?" dereva alifoka.

"Nyumbani, ndiyo. Kwenye kompyuta, hapana."

Simu ikalia. Dereva akapokea, akasikiliza, uso ukamng'aa.

"Ni ofisa wa kodi! Anasema atarekebisha sasa hivi, tumpe nenosiri tu."

"Kata!" dada alipiga kelele. "Ofisi haiombi nenosiri kwa simu. Huyo ni mwizi!"

Dereva akakata. "Hata wezi nao leo!" alisema, akaketi kwa kishindo.

Fundi akachukua simu yake. Akaingia kwenye tovuti ya ofisi ya kodi, akaandika akaunti mpya.

"Usihifadhi kwanza," wifi yake alisema. "Linganisha na karatasi ya benki, tarakimu moja moja."

Fundi akasoma kwa sauti. Akakuta amegeuza tarakimu mbili.

"Mungu wangu! Zingepotea tena."

Akasahihisha, akahifadhi. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia.

Wiki chache baadaye fedha ziliingia. Mota mpya ikafungwa, na sare za mwisho zikashonwa kabla ya shule kufunguliwa. Dereva alisimama kando ya mashine, akikuna kichwa.

"Mke wangu," aliuliza polepole, "hivi kwenye kodi yangu mwenyewe niliandika akaunti gani?"

Fundi akasimamisha mashine. "Lete simu."