Kitabu Kimoja, Nyumba Kumi na Moja

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, lori la maktaba huja mji mdogo wa Turrawil. Hufika saa nne asubuhi na kusimama kando ya ukumbi, karibu na maghala ya ngano. Dereva wake ni Mele Fonua, na huyo huyo ndiye mkutubi. Akifika hufungua mlango wa pembeni, huteremsha ngazi, kisha huwasha feni au hita, kutegemea msimu.

Noreen Pascoe ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila mara. Alikuwa na miaka sabini na moja na macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Alimletea Mele skonzi mbili kwenye kitambaa, na kusema kwamba kama ya pili itamshinda, atakwenda nayo njiani. Haikuwahi kumshinda.

Noreen alipenda vitabu vya herufi kubwa. Aliazima viwili kila safari. Akimaliza kusoma, hakuvirudisha. Alimpa jirani yake Glenys. Glenys alimpa mama wa posta, na mama wa posta alimpa mwenzake. Kitabu kilizunguka mtaa mzima kama sufuria ya kuazima, kisha siku moja kikarudi kwa Mele.

Walifanya hivyo kwa nia njema. Kwetu Turrawil watu hawapendi kusumbua. Mele ni mmoja, walisema, naye ana miji minane ya kuzunguka. Kwa nini apitishe kitabu kimoja kwenye mashine yake ya kuazimishia mara kumi na moja?

Mume wa Noreen aliitwa Clem. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kukata manyoya ya kondoo. Aliacha shule mapema, na hakuwahi kujua kusoma. Noreen alimsomea barua, bili na maandishi ya kwenye chupa za dawa. Hakuna mtu mwingine mjini aliyejua.

Mwaka uliopita, wakati wa baridi, Noreen alishikwa na homa. Clem akaenda kurudisha vitabu mwenyewe. Mele alimwuliza yeye hupenda kusoma nini. Clem akatazama viatu vyake. Mele hakuuliza mara ya pili. Alifunga mlango, akasema upepo ni mkali. Kisha alitoa kitabu chembamba cha mbwa wa kuchunga kondoo, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Tangu siku ile Clem alikwenda kwenye lori saa tano na nusu, wengine wote wakishaondoka.

Ikafika Machi. Alhamisi moja Noreen alikuta tangazo limebandikwa mlangoni mwa lori. Serikali ya jimbo ilikuwa imependekeza kupunguza fedha za maktaba za umma katika bajeti yake. Fedha zikipungua, vituo vya lori vyenye wasomaji wachache vingefungwa. Jina la Turrawil lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

"Wachache?" Noreen akauliza. "Mele, mtaa mzima unasoma."

Mele alimwonyesha hesabu. Kwa kila safari, Turrawil iliazima vitabu vitano au sita.

"Mashine inahesabu kitabu kinapopita hapa, Bi Noreen," alisema taratibu. "Kikishatoka nje, haijui kinakwenda kwa nani."

Noreen alikaa kwenye ngazi ya lori.

"Basi ni sisi," akasema. "Tumelifukuza wenyewe, kwa adabu zetu."

Alimwuliza Mele wafanye nini. Mele alisema yeye ni mfanyakazi wa umma, haruhusiwi kuwaambia watu namna ya kupinga bajeti. Lakini hesabu za maktaba si siri, mtu yeyote anaweza kuziomba. Akaongeza kwamba Noreen anaishi ukuta kwa ukuta na mtu aliyefanya kazi ofisi ya halmashauri miaka ishirini na sita.

Nyumbani, Noreen alimweleza Clem. Clem alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kitabu chake cha mbwa, akakiweka kwenye droo chini ya vitambaa vya jikoni.

"Nimeishi miaka sitini na tisa bila hivyo vitu," alisema. "Sitakufa."

Maneno hayo aliyaambia dirisha. Noreen alijua mumewe amefika ukurasa wa kumi na nne, na kwamba yule mbwa wa kitabuni aliyepotea alikuwa bado hajapatikana. Maktaba nyingine ilikuwa mbali, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa gari, yenye meza za wazi na watu wengi wageni. Clem asingekanyaga kule.

Lori liliporudi baada ya wiki mbili, Noreen alikwenda na toroli. Aliazima vitabu arobaini. Alipokuwa akilisukuma toroli kurudi nyumbani, Glenys alimwona kutoka kwenye bustani yake.

"Shoga, unafungua duka?"

"Nataka mashine ihesabu."

"Arobaini kwa siku moja, na macho yako hayo? Atakayesoma hesabu hiyo atacheka kuliko ninavyocheka mimi. Atasema Turrawil wanadanganya, na kweli tutakuwa tunadanganya. Vitatu utavisoma?"

"Vitatu nitavisoma."

"Basi baki na vitatu. Vingine tuvirudishe, halafu uniwekee chai."

Walivirudisha. Noreen akaweka chai, na Glenys, aliyefanya kazi halmashauri miaka yote ile, akaanza kueleza. Alisema fedha za maktaba hutoka kwenye mikono miwili. Mkono mmoja ni wa halmashauri, mwingine ni wa serikali ya jimbo. Mkono wa jimbo ukilegea, wa halmashauri hauwezi kubeba mzigo peke yake. Kwa hiyo haina maana kumlalamikia Mele, wala kwenda kugombana halmashauri. Wa kumwambia ni mbunge wao katika bunge la jimbo. Na waseme sasa, kwa sababu bajeti husomwa Mei. Ikishapita, watakuwa wanalia juu ya kaburi.

Noreen akamwomba Glenys aandike barua moja nzuri, kisha kila mtu ainakili. Glenys akatikisa kichwa.

"Barua ishirini zinazofanana ni barua moja. Sisi ofisini tulizifunga kwa mpira mmoja, tukaandika 'ishirini', tukaziweka kando. Lakini barua ambayo mtu ameiandika kwa maneno yake, hiyo tuliisoma. Sema wewe ni nani na unaishi wapi. Sema maktaba inakusaidia nini. Sema itakuwaje ikiondoka. Halafu sema unaomba nini. Ukurasa mmoja unatosha. Bila matusi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Noreen. Nakujua."

Glenys alitaka pia ushahidi. Nani ataamini kwamba vitabu vitano vilisomwa na watu hamsini? Hapo Noreen akaona haya kidogo. Alikwenda chumbani akarudi na kitabu ambacho kilikuwa kimeshamaliza mzunguko wake. Akafungua ukurasa wa ishirini. Pembeni, kwa penseli, palikuwa na alama ndogo ndogo. Herufi N ilikuwa ya Noreen. Duara lilikuwa la Glenys mwenyewe, ingawa hakuwa amelifikiria kuwa ushahidi. Nyota ilikuwa ya mama wa posta. Kila mmoja alikuwa akiweka alama yake ili asije akasahau na kukisoma kitabu kile kile mara mbili. Alama zilikuwa kumi na moja.

Safari iliyofuata walimweleza Mele kosa lao la kuandika vitabuni. Mele alisema amezijua zile alama kwa miaka minne. Kanuni inamtaka azifute. Lakini kila akishika ufutio, alisema, hukumbuka kwamba ana kazi nyingine.

Siku hiyo wanawake sita walikaa ndani ya lori wakifungua ukurasa wa ishirini wa kila kitabu cha herufi kubwa, na Glenys akaandika hesabu. Kisha kila mtu akajiandikisha na kuchukua kadi yake. Tangu hapo, aliyekitaka kitabu alikiazima kwa jina lake mwenyewe. Foleni ilifika mlango wa ukumbi. Mama wa posta aliomba radhi kwa kusumbua, akazomewa.

Zilibaki barua. Noreen aliandika yake kwa asubuhi moja. Kisha akamwuliza Clem kama angependa amwandikie na yeye. Clem alikuwa akimenya viazi. Aliendelea kumenya.

"Ukiandika wewe, itakuwa barua yako," alisema.

Akafuta mikono, akafungua droo, akatoa kitabu chake. Kwa siku sita, kila baada ya kifungua kinywa, alikaa mezani na penseli. Karatasi aliifunika kwa mkono wake mpana. Noreen alipita nyuma yake na ndoo, akapita tena na ufagio, lakini hakuchungulia.

Mwezi wa Aprili mbunge, Bwana Hallam Pryde, alikuja ukumbini kusikiliza watu. Glenys alimkabidhi barua ishirini na tatu. Alimweleza kuhusu hesabu na kosa la mtaa la kupeana vitabu bila kuviandikisha, akamwonyesha alama za penseli. Mbunge aliutazama ukurasa ule kwa makini. Alisema anaelewa. Lakini hospitali nazo zinahitaji fedha, barabara nazo pia, kwa hiyo hawezi kuahidi kitu.

Clem alisimama. Kofia yake ilikuwa kwapani. Alifungua karatasi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mheshimiwa. Jina langu ni Clement Pascoe. Naishi Turrawil. Nilikata manyoya ya kondoo miaka arobaini. Sikujua kusoma. Sasa najua kidogo. Mama wa lori ananifundisha, na hajanicheka. Lori likiondoka nitabaki katikati..."

Hapo alikwama. Noreen alibana mkoba wake kifuani, lakini hakumsaidia. Clem alirudi nyuma neno moja, akaanza tena.

"...nitabaki katikati ya kujua na kutojua. Hapo ni pabaya kuliko mwanzo. Naomba lori liendelee kuja. Barua hii nimeandika mwenyewe."

Watu waliokuwa wamemfahamu kwa miaka thelathini walitazama chini. Glenys alitafuta kitambaa kwenye mfuko, hakukipata, akatumia mkono wa sweta.

Mbunge aliomba apewe ile barua. Clem akasema angoje kidogo, hajaweka tarehe. Akainama mezani, akaiandika polepole, ndipo akamkabidhi.

Mei ikafika, na bajeti ikasomwa. Fedha za maktaba hazikukatwa mwaka ule. Si barua za Turrawil peke yake zilizofanya hivyo. Miji mingi ilikuwa imeandika, na wabunge kadhaa walizisoma barua hizo bungeni. Turrawil ikaondolewa kwenye orodha. Siku hizo ilikuwa ikiazima vitabu zaidi ya sitini kwa kila safari. Glenys hakuwaacha wapumzike. Aliwaambia waandike tena, safari hii kushukuru, kwa sababu bajeti huja kila mwaka, na mtu anayekumbukwa kwa shukrani husikilizwa upesi.

Alhamisi iliyofuata Clem alikwenda kwenye lori saa nne, pamoja na watu wote. Kabla hajapanda ngazi, mtu alimshika kiwiko. Alikuwa Des Trewin, mwanamume wa makamo. Kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi, Des hukaa nje ya duka na gazeti wazi mikononi. Aliongea habari za mvua. Aliongea habari za mpira. Kisha akaanza kulikunja gazeti lake, akalikunja mpaka likawa dogo kama mkate.

"Hivi, yule mama," alisema, "anafundisha hata watu wa umri wangu?"

Clem alimtazama. Hakucheka, wala hakuuliza lolote kuhusu gazeti.

"Njoo tuingie," akasema.

"Sasa hivi? Si watu wamejaa humo."

"Wamejaa," Clem akajibu. "Na mimi nimo."

Akapanda kwanza, akaushika mlango usijifunge.