Supu Juu ya Kopo la Unga

Kila siku ya shule, saa sita mchana, Regula alimpelekea baba yake supu ya shayiri kiwandani, chungu kimefungwa kwa kitambaa. Baba, Bwana Tanner, alishindilia unga wa alumini katika kalibu yenye moto mpaka ukawa nondo. Kila punje ya unga ule ina ngozi nyembamba, aina ya kutu, na ngozi hiyo ndiyo iliyozifanya nondo zisilegee katika joto ambalo alumini ya kawaida hulainika kama jibini.

Langoni alikaa Bwana Ehrat, mzee mwenye jicho moja na uso uliokunjwa na moto.

"Supu ina nyama leo, au umeila njiani?"

"Nyama ni Jumapili, Bwana Ehrat!"

Wafanyakazi walikuwa na desturi iliyokatazwa: kupasha chakula juu ya makopo ya unga kando ya tanuri. Siku hiyo Regula naye akatua chungu pale. Kifuniko cha kopo kilikuwa kimelegea; kikateleza, na supu ikamwagikia ndani. Hakuna aliyeona. Akafunika, akamkabidhi baba chungu, akaondoka.

Langoni akasimama. Saa saba baba angeushindilia unga wa kopo lile.

"Mbona umeganda?" aliuliza mzee.

"Bwana Ehrat... unga ukiingia maji?"

Tabasamu likatoweka usoni mwa mzee. "Kopo lipi?"

"Nikisema, watamfukuza baba."

"Usiposema, utamzika. Lipi?"

"La tatu kutoka tanurini."

Mzee akaivuta kamba ya kengele. Mashine zikanyamaza. Walilikuta kopo likichemka lenyewe, maana unga ule ukilowa hutoa gesi inayolipuka. Wakaliburuta kwa kulabu ndefu hadi uani, wakakimbia. Kifuniko kiliruka juu kuliko paa.

Baba hakufukuzwa. Alishushwa kufagia ua, maana kopo lilikuwa chini ya ulinzi wake. Jioni alitoka akikohoa vumbi, akamshika mkono binti yake aliyekuwa akimngoja langoni.

Bwana Ehrat aliwasimamisha.

"Miaka sita iliyopita mimi niliuloanisha unga, nikaufunika kama wewe. Aliyeushindilia ni Jakob, rafiki yangu; ukalipuka, akafa. Watu husema ilikuwa bahati mbaya, nami nimewaacha waseme. Kosa ukilisema mapema, mwanangu, utalipa kwa aibu. Ukilifunika, atalipa mwingine."

Kisha akavaa kofia yake, akashika njia ya kwenda kwa mjane wa Jakob.