Mabibi Wanne na Zumaridi Mdogo

Sogeeni karibu. Mdogo akae mbele, mkubwa amshike mkono. Mmekaa? Basi sikilizeni.

Ujiji, katika nyumba yenye mlango wa kijani, alikuwepo mtoto wa miaka sita. Jina lake Zumaridi.

Zumaridi ni jiwe la thamani. Rangi yake ni kijani, kama mchicha baada ya mvua.

Jina hilo lilikuwa la bibi yake, mama wa baba yake. Ndiyo maana baba alimwita mtoto huyu mama.

"Mama," baba huita akirudi kutoka kazini.

"Abee, baba," Zumaridi huitika. Na miguu yake mbio, pata pata pata.

Baba alikuwa na watu wawili wa kuwaita mama, mkubwa na mdogo. Kisha Mungu akamchukua yule mkubwa. Nyumba ikawa kimya.

Siku chache baadaye Zumaridi akaanza shule. Asubuhi Mwalimu Rukia akaita majina.

Akaita Ilham. Wakaitika watoto watatu kwa pamoja, wakacheka. Raha iliyoje kuwa watatu.

Akaita Zumaridi. Ikaitika sauti moja, ndogo kama ya kifaranga.

"Abee."

Nyuma yake alikaa Hisham. Hisham akainama mpaka sikioni mwake. "Shikamoo, bibi," akasema.

Darasa zima likacheka. Wakasema hilo ni jina la wazee, jina la watu wanaotembea na mkongojo.

Kila siku ikawa hivyo. Kwenye foleni ya uji, shikamoo bibi. Kwenye bembea, shikamoo bibi.

Jioni moja baba akarudi kutoka kazini. "Mama," akaita.

Zumaridi hakukimbia. "Usiniite mama," akasema. "Mimi siyo Zumaridi tena. Mimi ni Ilham."

Baba akavua viatu. "Haya, mwanangu," akasema. Akaingia ndani polepole.

Kesho yake hakuita mama. Keshokutwa pia hakuita. Sasa baba hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwita mama.

Zumaridi aliliona hilo. Likamkaa hapa, kifuani, kama tonge lililokwama.

Siku arobaini za bibi zikatimia. Watu wakaja kumsomea Kurani na kumwombea. Wanaume wakakaa barazani, wanawake wakakaa uani kwenye mikeka.

Jikoni wali ulikuwa unachemka, bwata bwata bwata. Mama yake Zumaridi akautafuta upawa, asiuone.

"Zumaridi," akaita kwa sauti.

"Abee," akaitika bibi mmoja mrefu.

"Abee," akaitika bibi mwenye miwani.

"Abee," akaitika bibi mwenye pengo.

"Abee," akaitika bibi mnene kuliko wote. "Nakuja, mwanangu. Ngoja magoti yanipe ruhusa."

Mabibi wanne wakasimama. Wakatazamana. Wakaanza kucheka, na waliokuwa wakilia wakacheka pia.

Zumaridi mdogo alikuwa nyuma ya pipa la maji. Yeye peke yake hakuitika.

Bibi mrefu akasimulia. Zamani zao kila mzazi alitaka binti yake aitwe Zumaridi. Kwenye chuo cha Kurani walikuwa watano, mkeka mmoja. Akiitwa mmoja, wanakwenda watano.

Wa tano alikuwa marehemu, bibi yake Zumaridi mdogo. Huyo ndiye aliyekuwa akiitika wa kwanza siku zote.

Kisha yakaja majina mapya, nayo ni mazuri. Wao wakazeeka. Ikapita miaka mingi bila kusikia mtoto akiitwa Zumaridi.

"Tulidhani jina hili tutaondoka nalo," akasema bibi mwenye pengo. "Sasa humu ndani kuna Zumaridi mdogo? Yuko wapi?"

Baba alikuwa amekuja kuchukua masinia. Akalisikia swali. Akatazama chini.

Zumaridi akamwona baba. Akamwona anavyotazama chini.

Pata, pata, pata. Akatoka nyuma ya pipa.

"Abee," akasema. "Ni mimi."

"Somo yangu," akasema bibi mrefu, akamkumbatia. Mwenye jina lako ndiye somo yako, na Zumaridi akapata masomo wanne siku moja. Mmoja alinukia udi, mmoja tangawizi, mmoja karafuu, mmoja sabuni.

Wakamuuliza kwa nini alijificha. Akawaeleza habari ya shikamoo bibi.

Mabibi wakacheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha bibi mnene akamnong'oneza jambo.

Kesho yake Mwalimu Rukia akaita majina. Akaita Zumaridi.

"Abee." Safari hii hata mwashi aliyekuwa akijenga ukuta nje ya dirisha alisikia.

"Shikamoo, bibi," akasema Hisham.

Zumaridi akageuka taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Umenawa uso leo?"

Darasa zima likacheka. Hisham akajipangusa uso, kisha akacheka naye. Na Ilham mmoja akauliza kama mdoli wake anaweza kuitwa Zumaridi.

Jioni baba akarudi. Akasimama kwenye mlango wa kijani. Bado alikuwa anaogopa kuita.

"Mwanangu," akasema.

"Siyo hivyo, baba," akasema Zumaridi. "Niite vizuri."

Baba akavuta pumzi.

"Mama."

"Abee, baba." Na miguu yake mbio, pata pata pata, mpaka kifuani kwa baba.

Baada ya chakula wakamwombea bibi, Mungu amlaze mahali pema. Kisha baba akamfunika Zumaridi shuka mpaka kidevuni.

"Lala salama, mama," akasema.

Macho yalikuwa yamefumbwa. Usingizi ulikuwa umekwisha kuja. Lakini mdomo ukaitika, polepole.

"Abee."