Miche Tisini ya Masumbuko

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka barabarani, Elina na mama yake walikuwa wamekwisha kupanga viazi vyao kando ya barabara kuu ya Makambako. Mama yake, Matilda, alipima kwa sado, kopo la kupimia. Elina alichagua viazi vilivyokatwa na jembe na kuviweka pembeni, maana abiria wa mabasi hawanunui kiazi chenye kidonda. Alikuwa na miaka kumi na minne. Amemaliza darasa la saba, amefaulu, na amepangiwa shule ya bweni karibu na mji wa Njombe. Fomu ya kujiunga ilitaja vitu vyote vya kwenda navyo: godoro, tranka, sare jozi mbili, viatu vyeusi, shuka na ndoo.

Mama hakuwa na wasiwasi navyo. Kwa wiki arobaini na nane, kila Alhamisi, alikuwa amepeleka shilingi elfu kumi kwenye kikoba, kikundi cha akiba cha mtaa wao chenye wanachama ishirini. Fedha zilikaa ndani ya sanduku la chuma nyumbani kwa mweka hazina, jirani yao Masumbuko, mwenye kitalu cha miche ya parachichi bondeni. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilipaswa kukaa kwa watu watatu tofauti. Lakini Masumbuko alikuwa mtu mpole, mwenye kusali, na wenzake wawili walichoka kubeba funguo kwenda na kurudi. Mwezi wa tano wakamwachia zote.

Siku ya mgao, mwanzoni mwa Desemba, sanduku lilifunguliwa mbele ya watu wote. Ndani mlikuwa na daftari na kidau cha wino wa muhuri. Masumbuko alisimama, akakunja mikono tumboni, akaeleza kwamba fedha zote alizinunulia udongo, mifuko na vikonyo vya kupandikiza kwenye kitalu chake. Alitarajia kuuza miche mapema na kurudisha fedha kabla hawajajua. Mnunuzi akachelewa.

Mama aliporudi nyumbani alinawa mikono kwa muda mrefu, kana kwamba ameshika kitu kilichooza. Kisha akamweleza Elina bila kupaza sauti, akamwambia huenda akasubiri hadi mjomba wake avune viazi huko Igwachanya.

Elina hakulia. Alichokisikia kifuani kilikuwa kikavu na cha moto. Kesho yake alimwona Pendo, binti wa Masumbuko, akishuka kwenye bodaboda na tranka jipya la bluu. Pendo alikuwa amepangiwa shule ileile. Alimwita Elina kwa furaha amwonyeshe kufuli lake. Elina aligeuza uso, akaenda zake. Tangu saa hiyo hakuwaza jambo lingine. Usiku aliota analivunja tranka. Mchana, akipima viazi, alimfikiria Masumbuko akitembea katikati ya miche yake, akiimwagilia kwa maji na kwa fedha za mama.

Jumanne mchana wanachama wote waliitwa ofisini kwa mtendaji wa mtaa pamoja na Masumbuko na mkewe. Pendo alikuwa kwa shangazi yake. Elina aliachwa alinde viazi. Alimwomba mama muuza mahindi wa pembeni amwangalizie, akapita nyumbani, akachukua kisu cha kukatia majani ya ng'ombe, akashuka bondeni.

Miche ilikuwa imepangwa kwa safu chini ya kivuli cha nyasi, kila mmoja na kitambaa cha nailoni shingoni, pale kikonyo cha parachichi bora kilipounganishwa na mche wa kienyeji. Elina aliinama kwenye safu ya kwanza. Akakata chini kidogo ya kitambaa. Kikonyo kikaanguka bila sauti.

"Godoro," alisema.

Akakata wa pili. "Tranka." Wa tatu. "Sare." Alipomaliza orodha aliianza upya. Hakuona huruma yoyote. Kila kikonyo kilipoanguka aliona raha, raha kali kama ya kujikuna pele, na mkono ukazidi kuwa mwepesi. Alimaliza safu tatu za miche thelathini thelathini. Akaosha kisu mtoni, akarudi barabarani kuuza viazi.

Jioni mama alirudi akitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alikaa kwenye kigoda akaeleza yaliyoamuliwa. Mtendaji alimpa Masumbuko njia mbili: polisi au kukabidhi kitalu chote kwa wanachama. Akachagua kukabidhi, akatia saini. Miche ilikuwa elfu mbili na mia nne, na mnunuzi alikuwa amekubali kwa simu kuichukua Jumamosi kwa shilingi elfu nne kila mmoja. Kila mwanachama angepata laki nne na elfu themanini zake kamili.

"Ile miche si yake tena," mama alisema. "Tangu leo saa nane ni yetu."

Elina aliangalia kinywa cha mama kikiendelea kusema lakini hakusikia zaidi. Saa nane alikuwa safu ya pili.

Alfajiri, Masumbuko alipokwenda kumwagilia kwa mara ya mwisho, alikuta safu tatu zimekatwa. Habari zikaenea mtaani kabla ya chai. Wanachama walianza kutazamana, na muda si muda wote wakawa wanamtazama mtu mmoja. Hezekia, kijana wa bodaboda na mwanachama mwenzao, ndiye aliyesema mkutanoni kwamba kama angeachiwa yeye, angeikata miche yote Masumbuko akiangalia. Na usiku wa kuamkia siku hiyo alichelewa kurudi. Saa tatu mgambo wawili walimchukua mbele ya mama yake mzazi. Hezekia hakupigana. Alirudia tu kwamba alimpeleka mgonjwa hospitali, na hakuna aliyemsikiliza.

Elina alisimama kando ya viazi akamwona akipitishwa. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini Hezekia alikuwa ameibiwa kama mama, na sasa alikuwa anaadhibiwa kwa kisasi ambacho si chake. Elina akamshika mama mkono.

"Mama, ni mimi. Nilikata wakati mko mkutanoni."

Mama hakumpiga. Alifunika viazi kwa kiroba, akamwongoza hadi ofisini kwa mtendaji, akamsukuma mbele. Elina akasema yote, mpaka kisu na mto. Akamgeukia Hezekia akamwomba radhi. Hezekia alitikisa kichwa, akatoka nje.

Masumbuko alikuwa pale. Uso wake, uliokuwa umeinama tangu siku ya mgao, ukainuka. "Basi, Mama Elina, tumelipana," alisema. "Mimi nilikosa, na mwanao amekosa. Tusameheane, mambo yaishe hapa."

"Hatujalipana, Baba Pendo," mama alijibu. "Mwanangu amekata miche tisini. Miche hiyo nitailipa mimi, itolewe kwenye fungu langu, maana si haki wenzangu kumi na tisa wapate hasara kwa ajili ya mtoto wangu. Lakini wewe ulichotufanyia kitabaki kuwa chako. Hutajifunika kwa kosa la mtoto."

Mtendaji akapiga hesabu. Miche tisini ilikuwa laki tatu na elfu sitini. Jumamosi mnunuzi alipolipa, wanachama wengine waliondoka na laki nne na elfu themanini kila mmoja. Matilda alipewa laki moja na elfu ishirini. Elina alisimama karibu akaona jinsi fungu la mama lilivyokuwa jembamba. Alikuwa amemlenga Masumbuko, kisu kikaangukia nyumbani kwao.

Aliyewasaidia ni mwenyekiti wa kikoba, Consolata, mama mwenye sauti nzito aliyewahi kufanya kazi ya kupandikiza miche Ludewa na Njombe. Alisema mbele ya wote kwamba aliyelipia mche ndiye mwenye mche, kwa hiyo ile tisini iliyokatwa ni ya Matilda, na mizizi yake bado hai. Ikahamishiwa nyuma ya nyumba ya Matilda, na hapo Consolata akampa Elina wembe, nailoni na vikonyo vipya, akamfundisha kuchonga kikonyo kama ulimi, kukichomeka kwenye mche na kukifunga bila kuacha hewa. Kazi ile ilikuwa polepole mno. Kukata tisini kulichukua muda wa kuchemsha chai. Kupandikiza tisini kulichukua siku nane, na shingo ilimuuma. Mara nyingi alitaka kuitupa ile miche. Consolata alikuwa akimwambia arudie tu.

Wanachama walikubaliana kwamba hakuna sanduku tena nyumbani kwa mtu. Waliwatuma Consolata na Matilda wakaangalie pa kuweka fedha, na Elina akaenda nao kwa sababu anaandika haraka. Mama alikuwa bado na hasira. Hakuenda kuomba, alienda kuhoji. Kila walipoingia aliuliza swali moja kabla ya kukaa: "Mkila fedha zetu, nani atawakamata?"

Kwanza waliingia benki kubwa pale Makambako. Palikuwa na mlinzi mwenye bunduki na sakafu inayong'aa, na moyo wa Elina ukatulia mara moja. Ofisa kijana alijibu kwa adabu. Alisema Benki Kuu huwakagua, amana zina bima hadi kiwango maalumu, na akaunti ya kikundi hutaka saini za watu watatu. Mawakala wako kila mahali, hata Manda kule ziwani mtu anatoa fedha. Consolata akauliza kuhusu mkopo wa mbegu. Ofisa akataja hati ya nyumba, taarifa za biashara na makato. Matilda hakuwa na hati.

Siku ya pili walipanda basi hadi Njombe, kwenye benki ndogo ya wananchi. Hapo mhudumu aliwaamkia "Kamwene" kwa lugha ya kwao, na alijua bei ya viazi ya wiki ile. Nao hukaguliwa na Benki Kuu na amana zao zina bima. Ofisa mikopo wao huenda mwenyewe shambani kuona mazao. Lakini tawi lilikuwa hilo moja tu, na nauli ya kwenda na kurudi kila wiki ingekula akiba.

Siku ya tatu, walipofika SACCOS ya Makambako, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, chumba kilikuwa kimoja, meza mbili, na mlinzi hakuwepo. Elina alinong'ona kwamba waondoke. Meneja, mama mmoja aitwaye Aneth, alisikia swali la Matilda, akaweka kalamu chini.

"Leseni ile pale ukutani, na mkaguzi huja kila mwaka," alisema. "Lakini nisikudanganye, mama. Hapa mwenye mali ni mwanachama. Mnachagua viongozi, mnasomewa hesabu, mnakopa kwa riba nafuu kwa sababu mnakopeshana wenyewe. Mkija mikutanoni na kuuliza, hatuwezi kuwaibia. Mkilala, tutawaibia kama huyo aliyewaibia."

Mama alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akamwambia Elina aandike maneno hayo yote.

Kikoba kilijadili Alhamisi nzima. Mwishoni kilipiga kura. Fedha za pamoja ziliwekwa benki kubwa, kwa saini tatu, kwa sababu wakala yuko jirani na ujumbe wa kila muamala huingia kwenye simu za watia saini. Waliotaka mikopo ya mbegu walijiunga na SACCOS. Wawili wenye mashamba upande wa Njombe walichagua benki ya wananchi. Matilda alijiunga SACCOS, akasema anataka mahali anapoweza kusimama na kumuuliza mtu usoni.

Elina alikwenda shule na sare moja, tranka la zamani la mjomba, na godoro la kuazima kwa Consolata. Pendo alikuwa bweni lilelile. Wiki mbili hawakuzungumza. Wiki ya tatu, Pendo ndiye aliyeanza. Alisema baba yake ameuza ng'ombe kulipa deni la udongo mwingine aliokuwa ameuchukua kwa mkopo, na kwamba tranka lake lilinunuliwa na shangazi, si kwa fedha za kikoba. Elina alimsogezea nafasi kwenye benchi.

Likizo ya Pasaka alikuta miche sabini na mmoja imeshika. Kumi na tisa ilikufa. Walipomaliza kuipakia kwenye gari la mnunuzi, Elina alimuuliza mama kama amekwisha kumsamehe Masumbuko.

"Bado," mama alisema. "Nitafika, lakini bado. Hasira yenyewe si kosa, Elina. Mimi ninayo, na ndiyo iliyonifanya niwahoji wale wakubwa wa benki bila kuogopa. Kosa langu ni kwamba sikuwa nayo mwezi wa tano, funguo zilipoachwa kwa mtu mmoja. Niliona aibu kumuuliza mtu mpole. Kosa lako ni kwamba hasira yako uliipa kisu, hukuipa mdomo. Fedha ukiziweka popote, benki kubwa, ndogo au SACCOS, uliza mapema na uendelee kuuliza. Ukiibiwa, sema mbele ya sheria na mbele ya watu. Ukijilipizia kwa siri, utaumiza asiyehusika, na kabla hajaumia yeye utakuwa umekwisha kujikata mwenyewe."

Akamkabidhi kitita cha noti za mnunuzi azihesabu, ahakikishe zimetimia.