Mafuta ya Cherehani Kwenye Breki

Kila siku ya masomo Muhamood, mfanyabiashara wa vitambaa wa Bwera, alimpakia binti yake Kulusum kwenye pikipiki, akamshusha shuleni, kisha akaelekea Kasese. Ilikuwa mwaka 1956, reli ilipofika Kasese, na biashara huko ilikuwa imechangamka.

Wiki ile breki ya nyuma ilikuwa ikilia sana. "Baba Kulusum amepakia mbuzi!" Vasta, mwanafunzi wa darasa lake, aliwachekesha wenzake mbele ya shule. Kulusum aliona aibu hata akashindwa kuinua uso. Ijumaa jioni alichukua mafuta ya cherehani ya mama yake, akayadondosha ndani ya gurudumu kupitia upenyo mwembamba.

Jumamosi asubuhi baba alibonyeza breki. Haikulia, lakini pikipiki iliendelea kusogea kabla ya kusimama.

"Inataka kukazwa," alisema, akakaza nati kwa spana.

Kulusum alifungua kinywa, akakifunga. Aliogopa kuulizwa nani alimtuma. Baba akaondoka.

Mchana alirudi akisukuma pikipiki, kanzu imechanika, kiwiko kinatoka damu. Kwenye mteremko breki ya nyuma ilikataa kabisa, na ya mbele pekee haikutosha. Akimkwepa mama mmoja aitwaye Ketura, aliangukia mtaroni. Ketura naye aliruka, akateguka mguu.

"Nzanzu ameniharibia pikipiki!" baba alifoka, akaisukuma hadi kwa fundi huyo. Kulusum alimfuata.

"Mzee, juzi mimi nilisafisha," Nzanzu alijitetea. "Breki niliacha iko kavu."

"Kavu gani? Ungeniua!"

Watu walikusanyika. Mteja mmoja alichukua baiskeli yake iliyongoja kutengenezwa, akaondoka nayo. Nzanzu alimtazama akienda, kisha akafungua gurudumu. Vile vipande vinavyobana gurudumu vilikuwa vimelowa mafuta.

"Ona kazi yako!" baba alisema.

"Baba, si yeye!" Kulusum alilia. "Ni mimi. Nilitia mafuta ili isilie. Wenzangu walinicheka."

Muhamood alimgeukia fundi. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nzanzu, nimekukosea. Nisamehe."

"Yamekwisha, Mzee," Nzanzu alijibu taratibu. "Lakini vipande hivi vimekunywa mafuta. Kuosha haitoshi. Lazima tubadilishe."

Pikipiki iliachwa hapo kungoja vipande vipya kutoka Kasese. Baba na binti walikwenda kwa miguu kumwona Ketura, na Kulusum akaahidi kumtekea maji mpaka mguu upone.

Njiani kurudi baba alisema, "Hukujua mafuta yataharibu breki. Hilo nimekusamehe. Lakini asubuhi uliniona nakaza nati, ukajua ulichofanya, ukaniacha niende. Ukikosea, mwanangu, sema upesi, kabla mwingine hajaumia au kulaumiwa kwa ajili yako."

"Nitasema, Baba," Kulusum alijibu huku akifuta machozi.