Asubuhi Jengo Jipya Halikuamka

Jumatatu moja ya Septemba mwaka 1999, wanafunzi waliotangulia kuingia asubuhi hiyo katika jengo jipya la Chuo cha Kompyuta Mizabibuni, mjini Dodoma, waliwasha mashine zao na kukuta skrini nyeusi. Juu kabisa palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza uliosema mashine inatafuta seva. Walisubiri. Chumba kizima, kompyuta ishirini, mstari ule haukubadilika.

Mkuu wa chuo, Bwana Ernest Msanjila, alikuwa mgeni kazini. Alichukua bisibisi akafungua mashine ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Hakuona diski hata moja. Akaita polisi. Kabla ya adhuhuri Shaibu Issa, fundi aliyeshika funguo za jengo jipya, alikuwa mahabusu.

Kesi alipewa Sajini Raheli Chilewa. Alifika chuoni Jumanne saa mbili asubuhi, akavua viatu mlangoni kama walivyofanya wote. Miaka ile kompyuta ilikuwa kitu cha heshima. Watu walikuja darasani wamepiga pasi nguo zao, na mashine zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama redio za wazazi wao.

"Diski ishirini, afande," alisema Ernest. "Bila diski kompyuta ni sanduku tu. Na wafadhili wanakuja Ijumaa kulikagua jengo."

Raheli aliinama juu ya mashine iliyofunguliwa. Vumbi jekundu la Dodoma lilikuwa limelala ndani yake. Pale Ernest alipomwonyesha kuwa ndipo diski ilipopaswa kukaa, vumbi lilikuwa sawasawa na kwingine, na matundu ya skrubu hayakuwa na mkwaruzo wowote. Alipitisha kidole, akakifuta kwa leso.

"Nani mwingine anazijua mashine hizi?"

"Gideoni. Yeye ni fundi wa jengo la zamani, ng'ambo ya barabara, ambako ipo seva, kompyuta kuu inayozihudumia nyingine zote."

Gideoni Mbogoni alikuwa kijana mwembamba wa Mvumi, mpole wa sauti. Alisimama mikono nyuma.

"Jana mkuu alipofungua mashine, ulikuwepo?" aliuliza Raheli.

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu, afande. Mimi ni wa jengo la zamani."

"Shaibu ni rafiki yako?"

Gideoni alitazama chini. "Tunapanga chumba kimoja, mtaa wa Kikuyu. Mwaka wa nne sasa."

Ernest alikuwa na mtu mwingine aliyemshuku. Abdulrazaki, mfanyabiashara aliyeuza kompyuta kutoka Dubai, alikuwa amemshauri mara mbili atupe mashine zile za mitumba anunue zake mpya. Wiki iliyopita vibarua wake walikuwa wakichimba mtaro kando ya barabara inayotenganisha majengo yale mawili. Huenda alimlipa Shaibu, huenda alikata waya unaoyaunganisha majengo.

Raheli alimkuta dukani, katikati ya maboksi yasiyofunguliwa.

"Nimechimba, ndiyo. Nataka maji," alisema Abdulrazaki. "Lakini waya wao umepita juu, kwenye nguzo. Mimi nilichimba chini, mama. Ningeukata kwa sururu?"

"Ukimya wa mashine zao ni faida kwako."

"Ni faida. Serikali imefungua milango, kila mtu anauza. Mimi nimezeeka nikiuza khanga za baba yangu, leo nauza hizi. Lakini mteja ninamtaka aje kwa miguu yake."

Raheli alirudi chuoni, akaingia kwa Anyesi, karani wa jengo jipya. Kwenye meza yake kulikuwa na kompyuta iliyokuwa inafanya kazi.

"Hii mbona imewaka?"

"Hii ina diski yake, afande. Ndiyo pekee humu. Inajiwasha yenyewe."

"Na faili unazochapa zinakaa wapi?"

"Kwenye seva, ng'ambo. Tazama, nafungua ya leo."

Barua ilitokea kwenye skrini. Raheli aliitazama kwa muda. Waya ulikuwa mzima basi, na kilichounganisha majengo kilikuwa kinapitisha kazi za Anyesi bila shida.

"Mara ya mwisho darasa kufanya kazi ilikuwa lini?"

"Ijumaa jioni. Mashine zote ziliwaka. Shaibu hakuwepo, alipanda basi la Kondoa mchana, kwenye harusi ya dada yake. Amerudi jana asubuhi akakamatwa hapo mlangoni."

Mahabusu, Shaibu alikuwa bado amevaa shati la harusi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Diski ziko wapi?"

"Hazijawahi kuwepo. Nilimwambia mkuu, akasema natunga. Mashine hizi zilitengenezwa hivyo. Ukiiwasha, haijui hata jina lake. Inapiga kelele kwenye waya: mimi nani, na nianzie wapi? Seva ikisikia inajibu na kuitumia kila kitu."

"Kwa nini zisisikike sasa?"

"Majengo haya ni mitandao miwili. Katikati kuna ruta, kifaa cha kuiunganisha. Ruta inapitisha ujumbe wenye anwani, kama wa Anyesi. Ukelele wa kuwaita wote hauvuki, unaishia pale pale. Ndiyo maana tuliandika ndani ya ruta mstari mmoja wa kuiamuru: ukisikia ukelele wa jengo jipya, upeleke kwa seva."

"Umeme ukikatika, mstari unafutika?"

"Umekatika mara ngapi mwaka huu, afande? Haukufutika hata siku moja."

"Mliandika na nani?"

"Na Gideoni. Neno la siri tunalo sisi wawili. Tulizifungua mashine pamoja siku ya kwanza, tukacheka kuona zilivyo tupu. Muulizeni, atawaeleza." Akatabasamu kidogo. "Kesho kutwa nitakuwa nje, siyo? Jumamosi nasafiri. Nimepata kazi Dar es Salaam, kampuni ya simu za mkononi. Mkuu alisema ataniachia wakaguzi wakiliridhia jengo."

Raheli alifunga daftari lake. Alikuwa anafikiria kijana aliyesimama mikono nyuma, aliyejua mashine ni tupu tangu mwanzo, na aliyenyamaza wakati mwenzake anafungwa pingu.

Jumatano asubuhi aliwakusanya kwenye jengo la zamani. Shaibu aliletwa. Raheli aliagiza mashine moja ya jengo jipya ibebwe kuvuka barabara, ichomekwe kwenye waya wa huku, kisha akamwambia Ernest aiwashe kwa mkono wake.

Mstari ulitokea, ukakaa kidogo, kisha skrini ikajaa rangi. Mashine ilikuwa imeamka bila diski.

Ernest alibaki ameshika kiti. "Basi hakuna kilichoibiwa."

"Hakuna. Kuna mstari uliofutwa kwenye ruta, baada ya Ijumaa jioni. Wanaoweza kuufuta ni wawili, na mmoja alikuwa Kondoa." Alimgeukia Gideoni. "Juzi ungesema neno moja tu, kwamba mashine hizi hazina diski. Ulinyamaza kwa sababu mkuu akiacha kutafuta diski, angeanza kutafuta mstari."

Gideoni alikaa chini.

"Nilitaka jengo lisipite ukaguzi," alisema. "Wiki mbili, tatu. Kampuni ichoke kumsubiri, imchukue mtu mwingine. Sikujua mkuu atafungua mashine. Polisi walipokuja nikaogopa, na kila saa ilivyopita ikawa vigumu zaidi."

"Kwa nini usitake aende?" aliuliza Raheli.

"Kila kitu tulianza pamoja, afande. Chumba, kazi, hata hizo nyaya tulizivuta wenyewe juu ya ngazi ya kuazima. Jioni tunapika, namfundisha Kigogo, anacheka matamshi yake. Watu wote siku hizi wanaondoka. Niliona nitabaki na chumba."

Shaibu alikuwa anamtazama tu. "Nimelala sakafuni siku mbili," alisema, "na nilikuwa nakutegemea wewe."

"Najua."

"Ungeniambia, Gideoni."

"Ningekuambia nini? Usiende?"

"Ndiyo. Nisingebaki. Lakini ningeondoka nikijua."

Ernest alitaka kesi mpya. Shaibu alikataa kutoa maelezo yoyote dhidi ya mwenzake, na kilichobaki kikawa shauri la chuo. "Rudisha mstari," Shaibu alimwambia Gideoni. "Uurudishe wewe, maana wewe ndiye utakayebaki nao." Gideoni aliuandika. Ng'ambo ya barabara wanafunzi wakasikika wakiitana.

Raheli alistaafu zamani. Mizabibuni sasa ni maduka ya simu, na vijana wanaouza humo hawajui kwamba watu waliwahi kuingia pale miguu mitupu. Kesi kubwa amezisahau nyingi. Hii anaikumbuka kwa sababu ya Jumamosi ile, alipopita stendi kwa shughuli zake na kuwaona wote wawili kando ya basi la Dar es Salaam. Gideoni alikuwa ameshika begi. Hawakuwa wanazungumza. Basi lilipowashwa, Shaibu alilichukua begi lake, akampa mkono, na hakuuachia mpaka kondakta alipomwita mara ya pili.